Mjusi tumemlilia, na tope la Kilwa je?

Mhariri, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo habari zenu.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi, ila hii ikirefuka mniwie radhi, mi ni fundi kisima siyo mwandishi, nikishaanza kuchimba sijui kuishia njiani.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni haya mabishano ya yule mjusi wa Tendaguru huku Lindi, yule mnyama mkubwa wa kale wanaomwita dainosaria. Kila baada ya muda yanaibuka, mara bungeni, mara redioni, mara kijiweni, arudishwe, asirudishwe, tulipwe, ajengewe jumba Lindi. Sipingi. Mifupa yake ilichimbwa huku kwetu kusini kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi, tani zaidi ya 200, ndo ikapakiwa melini ikaenda Ujerumani, na leo mnyama amesimama pale Berlin, kimo chake mita 13 na ushee, watu wanalipa kiingilio wamuone. Mwenye uchungu na hilo ana haki yake. Ila kuna kitu kingine cha pwani hii hii ambacho wataalamu wa bahari za kale duniani wanakijua vizuri sana na sisi tunaolala juu yake hatukijui, na hakihitaji meli ya kukirudisha maana kipo, tunakikanyaga, tunakitukana. Nasema tope la Kilwa.

Nimechimba visima kwa mkono miaka kumi na tisa, Masoko, Kivinje, Nangurukuru, mpaka Pande nimefika. Fundi yeyote wa huku atakwambia habari hiyo hiyo: juu kuna mchanga au udongo mwekundu, pengine unakutana na jiwe la chokaa linakula sururu, alafu ukizama unaingia kwenye mfinyanzi wa kijivu unaoelekea ukijani, mzito, unang'ang'ania chepe kama ugali wa jana, na ukishaukuta huo ujue shughuli imekwisha. Hautoi maji. Unaweza ukashuka futi kumi, ishirini, thelathini ndani yake na ndoo inapanda na tope lile lile, kijana aliyeko juu kwenye kamba anakuuliza "fundi vipi?" unamjibu vuta tu. Kuna mteja mmoja alinikatalia hela yote kwa sababu nilimpa shimo la futi 45 kavu kama koo la mfungaji saa kumi jioni. Nilibeba sururu yangu nikaondoka, na huo udongo nikaulaani kwa maneno ambayo hamuwezi kuyachapa.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko chuo anasoma mambo ya miamba. Alikuja likizo akakuta nimeurundika ule mfinyanzi pembeni ya shimo huku Masoko, akaokota bonge akalivunja, akalinusa, akanambia "Mjomba, hii mnapeleka wapi?" Nikamwambia tunafukia mashimo ya barabarani. Akashika kichwa kama mtu aliyeambiwa tumechoma kuni mlango wa nakshi.

Sasa naomba niwaeleze tulichofanya maana hata nyie mnaweza. Tulichukua madonge mawili ukubwa wa ngumi, tukayaanika juani siku mbili mpaka yakapasuka pasuka, jioni tukayaloweka kwenye ndoo na sabuni ya unga kidogo. Asubuhi yamelegea yote yamekuwa uji. Dada akatoa mtandio wake wa zamani, ule mwepesi, tukautandaza juu ya karai tukamimina uji kidogo kidogo huku tunamwagia maji taratibu, tope linapita chini, tunakoroga kwa vidole, tunamwaga tena, kazi ya zaidi ya saa nzima, mpaka maji yanayotoka chini yakawa safi. Kilichobaki juu ya kitambaa hakikujaa kijiko cha chai. Kilipokauka ukiangalia unaona mchanga tu mweupe, nikamwambia mpwa wangu haya, umeninyima usingizi wa mchana kwa ajili ya mchanga. Akacheka, akaenda kuazima kile kioo ambacho fundi saa anakibana jichoni.

Nikabana. Mhariri, ule haukuwa mchanga. Ni vijumba. Vingine vya mviringo vimeshikana vitatu vinne kama maandazi yaliyogandana kwenye karai la mafuta, vingine bapa, vingine vimejizungusha kama konokono, na kimoja kilikuwa na miiba imetoka pande zote kama nyota. Alafu vinang'aa, mwanga unapita ndani yake kama bilauri mpya. Nilikaa na kile kioo mpaka jicho likauma, watoto wa jirani wakapanga foleni, kila mmoja anasema chake, huyu kaona karanga, huyu kaona shanga, bibi yao akasema kaona popcorn.

Vinaitwa foraminifera. Ni viumbe vya seli moja tu, havina macho wala tumbo, lakini vinajijengea gamba la chokaa, na vingi havifiki hata milimita moja. Vipo mpaka leo baharini, vingine vinaelea karibu na juu, vingine vinaishi chini kwenye tope. Kikifa gamba linashuka, linatulia, tope linalifunika, lingine linashuka juu yake, na hivo hivo kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo pale ninapochimba kisima mi nafungua daftari kurasa kwa kurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, na nilikuwa nalifukia barabarani.

Vipo vikubwa pia. Mafundi wenzangu mmeshaviona bila kujua, vile vidude bapa vya mviringo kama sarafu ndogo au dengu vinavyotoka kwenye jiwe la chokaa la huku Masoko, sie tulikuwa tunasema mbegu zimegeuka mawe. Vinaitwa numulite, na ni jamaa hao hao wa seli moja. Mawe ya piramidi za Giza kule Misri yamejaa numulite. Zamani sana, miaka kama elfu mbili iliyopita, msafiri mmoja Mgiriki anaitwa Strabo alipita pale akaandika kwamba watu wa pale wanasema ni mabaki ya dengu za chakula cha wajenzi, yamegeuka mawe. Kwa hiyo sie na mbegu zetu hatukuwa peke yetu.

Haya, sasa kwa nini tope la Kilwa na siyo tope la kwingine, maana magamba haya yapo chini ya bahari zote. Hapa ndo kisa kinaponoga, na mimi fundi kisima ndo nilikielewa haraka kuliko wote pale nyumbani.

Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa na fumbo. Zamani, kuanzia mwishoni mwa zama za mijusi mikubwa mpaka miaka milioni arobaini hivi iliyopita, dunia ilikuwa ya moto. Ncha za dunia hazikuwa na barafu ya maana, kaskazini kabisa kwenye visiwa vya Kanada kumepatikana mabaki ya wanyama jamii ya mamba. Sasa ukipima magamba ya foraminifera yaliyochimbwa na meli katikati ya bahari za joto, huku kwetu kwenye ikweta, yakawa yanasema maji ya juu yalikuwa nyuzi 15 mpaka 23 tu. Yaani mamba wanaota jua karibu na ncha ya kaskazini na huku ikweta watu wangevaa sweta kuogelea. Haiingii akilini. Saivi tu bahari yetu inacheza kwenye 25 mpaka 30. Lakini vipimo ndo vipimo, na wapo waliosema basi mahesabu ya kompyuta kuhusu hewa ya kaboni kupandisha joto yana kasoro.

Kumbe kasoro ilikuwa kwenye magamba. Yale ya chini ya bahari kuu yamekaa kwenye tope jeupe la chokaa linalopitisha maji, na maji ya kule chini ni ya baridi kali, kwa miaka mamilioni yanapenya, yanayeyusha gamba kidogo na kulijenga upya kidogo, mpaka gamba linakuwa siyo lile. Kwa nje umbo ni lile lile ila ukilikuza sana limepauka kama kioo cha bafuni chenye ukungu. Kwa hiyo ukilipima unapima baridi ya chini siyo joto la juu alikoishi mwenyewe. Mwaka 2001 Mwingereza Paul Pearson na wenzake wakatoa kwenye jarida la Nature vipimo vya magamba yaliyotoka kwenye mfinyanzi, mengine ya kwetu huku pwani ya kusini, magamba maangavu kama kioo, na yenyewe yakasema maji yalikuwa nyuzi 28 mpaka 32, tena hicho ni kiwango cha chini. Fumbo likafumbuka.

Na kwa nini ya mfinyanzi yalibaki maangavu? Kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji! Mhariri nilipoelezwa hapo nilicheka peke yangu. Kile kile kilichoninyima hela ya kisima cha futi 45 ndo kilichoyatunza yale magamba kama achari kwenye chupa. Tone halikuingia, tone halikutoka. Na bahati nyingine, tabaka hizi hazikuzikwa kina kirefu sana zikapikwa na joto la ardhini, zikapandishwa taratibu mpaka leo ziko kwenye nchi kavu, unazifikia kwa sururu. Wenzetu wanakodi meli ya mamilioni ya dola kwenda kutoboa chini ya bahari, huku kwetu unazikuta nyuma ya choo.

Kupima joto kwa gamba watu wengi wataona kama ramli kwa hiyo niwape kwa ufupi nilivyoelewa. Oksijeni iliyomo kwenye maji ipo nyepesi na ipo nzito, wanaziita 16 na 18. Kiumbe akijenga gamba kwenye maji baridi anachukua ile nzito zaidi, kwenye maji ya moto anachukua pungufu. Ukipima gamba unajua. Ila hapo hapo pana mtego. Nyinyi mnaojua mashamba ya chumvi mnaelewa jua linavyokula maji, sasa yale yenye oksijeni nyepesi ndo yanatangulia kuruka kuwa mvuke. Kwa kawaida yananyesha yanarudi kwa mito. Lakini ikitokea yakanyesha kama theluji kwenye nchi ya baridi yakaganda yasirudi, bahari inabaki na ile nzito, na magamba yote yanakuwa mazito hata kama joto halijabadilika. Kwa hiyo gamba zito laweza kumaanisha baridi, au barafu nyingi mahali fulani, au vyote. Wanachofanya wanapima na kitu cha pili, magnesiamu iliyojipenyeza kwenye chokaa, maana yenyewe inafuata zaidi joto kuliko barafu. Shahidi mmoja akidanganya wa pili anamuumbua.

Na hapo ndo tunakuja kwenye Pande. Baada ya ile kazi ya mwanzo hao wataalamu walirudi na mashine ya kutoboa, kuanzia 2002 mpaka 2009 walikuwa wanakuja, wanatoa vipande virefu vya mwamba mviringo kama mchi wa kutwangia, mashimo mengine yakazidi mita 100. Mi nakumbuka niliiona mashine kama hiyo kabla sijaanza kazi ya visima, imesimama juu ya gari porini, na mtaani kila mtu ana lake, huyu anasema gesi, huyu anasema wamekuja na ramani ya mali za Mjerumani, kuna mzee aliapa kwamba ni rupia za dhahabu zimezikwa wakati wa vita. Hakuna aliyetuambia tofauti, na sisi hatukwenda kuuliza.

Walichokipata Pande ni ukurasa wa miaka milioni 34 iliyopita, wakati dunia ilipogeuka kutoka ya moto kuwa ya barafu. Ndo hapo barafu kubwa iliposhika Antaktika na haijatoka mpaka leo, na bahari ikashuka makumi ya mita duniani kote kwa sababu maji yamekwenda kukaa kule juu ya nchi kavu. Kwenye tabaka za Pande unaliona lile badiliko linavyoingia hatua kwa hatua, na kwenye badiliko hilo hilo kuna jamaa wanatoweka. Yule mwenye miiba kama nyota niliyemuona kwenye kioo cha fundi saa, jina lake Hantkenina, anakuwepo anakuwepo, alafu hayupo tena. Duniani kote wataalamu wanatumia kutoweka kwake kama alama, pale anapokwisha ndo kipindi kimoja kinafungwa kingine kinaanza. Nyumbani tumekubaliana kumwita marehemu.

Mwaka 2009 wakatoa jingine kutoka magamba hayo hayo. Bahari ikimeza hewa ya kaboni nyingi inakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo unaacha alama kwenye boroni iliyomo kwenye gamba. Wakapima boroni ya Pande wakarudi nyuma mpaka kwenye hewa ya wakati ule, wakaona kwamba barafu ilishika Antaktika pale hewa ya kaboni ilipokuwa imeshuka kufika karibu sehemu 750 kwenye kila sehemu milioni za hewa. Leo tuko juu ya 420 na tunapanda, kabla ya viwanda ilikuwa 280. Hizo namba zinasomwa na watu wanaotaka kujua ile barafu itayeyuka lini na Dar, Zanzibar na Mombasa zitakuwa wapi, na sehemu ya ushahidi imetoka kwenye mashamba ya mikorosho na minazi ya wilaya moja ya Mkoa wa Lindi. Nani huku analijua hilo? Mimi nilikuwa silijui na nimeishi hapa maisha yangu yote.

Kijiweni kuna jamaa aliniwahi, akasema si unaona, dunia ilishawahi kuwa ya moto kuliko saivi na mambo yakaenda, sasa kelele za nini. Nilimjibu kwamba wakati huo hapa alipoweka kiti chake palikuwa chini ya bahari mamia ya mita. Mambo yalikwenda kweli, kwa samaki.

Kitu kilichonigusa zaidi ni majina. Hizi tabaka wamezipa majina rasmi, yamo kwenye maandiko ya kisayansi ya dunia nzima, na majina yenyewe ni ya kwetu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Yaani kama kondakta anaita vituo. Nangurukuru ndo ya chini, ya wakati mijusi mikubwa bado ipo. Kivinje inaingia baada ya mijusi kwisha, na humo ndani kuna ile homa ya ghafla ya miaka milioni 56 iliyopita ambapo dunia nzima ilipanda nyuzi 5 na zaidi. Masoko inafuata, na numulite zake. Pande juu, mlango wa barafu. Mwanafunzi wa Japani anayesoma bahari za kale anaweza kukutajia Kivinje na hajui hata pilau linalikaje, na mtoto wa Kivinje mwenyewe anajua Kivinje ni stendi na samaki.

Wala msidhani hii ni habari ya wageni peke yao. Kwenye ile kazi ya 2001 yumo Mtanzania, Joyce Singano, mtaalamu wa hivi vijumba kutoka shirika letu la mafuta TPDC. Unaweza kujiuliza shirika la mafuta na vidudu wapi na wapi. Ukitoboa kutafuta gesi unatakiwa ujue uko tabaka la umri gani, na saa ya kukwambia ni hizi foraminifera, kila kipindi kina aina zake, unaosha tope linalopanda na mtambo, unaangalia, unasema hapa tuko wakati fulani, bado, endeleeni, au tumepitiliza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, hapo hapo baharini mbele ya Kilwa. Kwa hiyo taa inayowaka Dar kwa gesi ile ina mkono wa watu wanaosoma vidudu hivi.

Na nirudi kwa mjusi wenu, maana hata yeye anahusika. Pale Tendaguru, miaka kama milioni 150 iliyopita, tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka za mchanga wa bahari zilizojaa makombe ya aina ya Trigonia. Mifupa, alafu makombe, alafu mifupa tena, alafu makombe. Maana yake bahari ilikuwa inapanda inafunika, inashuka inaacha, na mijusi ilikuwa inatembea ufukweni kama ng'ombe wa Pangani. Bila yale makombe wasingejua hayo, wangekuwa na mifupa tu haina mahali pake. Nimewasikia watu wengi wakidai mifupa, sijamsikia hata mmoja akidai makombe.

Majirani zetu wa Kenya nao wana lao na ni la juzi tu. Malindi kuna matumbawe makubwa yanayokua polepole, mwaka hadi mwaka yanajiongezea pete kama mti, na wataalamu wameyatoboa wakasoma miaka 300 nyuma. Mto Sabaki ukileta tope baharini, madini ya bariamu yanaongezeka kwenye ile pete ya mwaka huo. Kuanzia 1700 mpaka 1900 tope lilikuwa karibu lile lile, alafu kuanzia karne ya 20 linapanda tu, watu wameongezeka, wamefyeka, wamelima kule juu bara, na udongo wao umekwenda kuandikwa Malindi. Hakuna mkulima aliyesaini lakini imeandikwa. Na kule Mombasa ule mwamba mkavu wa matumbawe ambao mji umekaa juu yake ni bahari ya zamani pia, miaka kama 125,000 iliyopita maji yalikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa na matumbawe yakakua mpaka hapo. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani kwetu umejengwa na matumbawe vile vile, watalii wanapiga picha mihrabu, sijawahi kumuona mmoja kainama kuangalia jiwe lenyewe.

Sasa ombi langu, maana barua bila ombi ni hadithi. Silaumu wageni, walikuja kwa kibali, wakafanya kazi na watu wetu, na walichokipata wamekichapa anayetaka asome. Lawama ninayo kwetu. Kilwa kunakuja watalii kwa ajili ya magofu na ada wanalipa. Hapo hapo wanapokatia tiketi weka meza moja. Meza moja tu, na darubini ya shule, na kipande kimoja cha mwamba mviringo kutoka Pande, na ubao wenye vile vituo vinne kwa mpangilio, na kijana wa pale pale aliyefundishwa wiki mbili aeleze. Haifiki hata bei ya gari la mkubwa mmoja. Shuleni pia, mtoto wa kidato cha pili anakariri tabaka za miamba za nchi ambazo hata mwalimu hajafika wakati anaweza kuosha tope kwa mtandio wa mama yake akaziona mwenyewe kabla ya kengele ya mwisho. Darubini kama hakuna, fundi saa yupo.

Na sisi mafundi visima tuombwe jambo, tutafanya. Tukigonga mfinyanzi wa kijivu tuchukue donge moja kila futi tano, tuandike kwenye mfuko, kijiji fulani, kina fulani, tarehe fulani. Hatuombi hela ya kazi hiyo. Mashimo tunachimba kila siku, makavu mengi, na kwa nilivyoona mimi shimo kavu nalo lina mavuno yake, ingawa yule mteja wangu hilo sijathubutu kwenda kumwambia.

Mwisho, Mhariri, nimempa dereva wa basi la asubuhi kifurushi chenu. Ndani kuna karatasi ya nailoni imefungwa fundo, ina kama nusu kijiko cha zile chembe za Masoko, na marehemu mwenye miiba nimemtenga peke yake kwenye kifuniko cha dawa ya macho nimekifunga kwa selotepu. Tafuteni kioo kabla hamjafungua, na mlangoni wekeni neno kwa mfagiaji, maana akikiona atadhani ni mchanga umedondoka kwenye kiatu cha mtu.

Fundi kisima,
Kilwa Masoko